Kwenye Gemu Unanipumzisha

Mapinga,
Alhamisi, 3 Julai 2025

Kwa baba yangu, Kocha Shamsudin,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi ni mzima isipokuwa goti, na goti ndilo lililonitoa nyumbani. Nataraji mgongo wako umetulia na unakula vizuri. Mama nilizungumza naye jana. Bibi anaendelea na nafuu kidogo, lakini mama atabaki naye Pangani mpaka aweze kusimama mwenyewe.

Utashangaa kupata barua wakati namba yangu unayo na Mapinga si ng'ambo. Sipokei simu zako kwa sababu kwenye simu unanikata kauli. Tangu Jumatatu umepiga mara kumi na nne, na najua kila moja ingeanza na "Nisikilize, Naila." Barua haikatwi kauli. Shangazi Arafa kila Alhamisi analeta huko Bagamoyo sare za shule anazoshona. Atakupa hii mkononi, na Alhamisi ijayo atapitia jibu.

Nina neno moja tu. Kule Kibaha tumecheza mechi tatu kwa siku tatu. Ya kwanza nimecheza dakika arobaini, yaani yote. Ya pili arobaini. Ya tatu thelathini na nane, na zile mbili ulinitoa kwa kuwa nilikuwa na faulo nne. Tuliporudi nilishuka garini nikishika ukuta, na wewe ukanipita umebeba mipira ukiwahadithia watu tulivyoingia fainali.

Sasa nikukumbushe jambo, maana nilikuwepo. Mwaka mzima tumekaa sebuleni mimi na wewe tukicheza lile gemu la kikapu kwenye kompyuta yako, lile ambalo mtu hakimbizi wachezaji kwa vidole, anakaa kama kocha, anapanga nani aingie, nani atoke, kwa dakika ngapi. Uliiunda timu yetu ya Mwambao mle ndani, msichana mmoja mmoja, kwa majina na vimo. Naila wa mle umempa jezi yangu, namba saba. Na Naila yule, baba, hajawahi kuvuka dakika thelathini. Mstari wake wa uchovu ukitoka kijani kuingia njano tu, unamwita benchi. Siku moja kompyuta ilisema hatari ya yeye kuumia ni asilimia kumi na moja. Ukampumzisha wiki nzima, tukafungwa mechi mbili, ukasema, "Mchezaji si tairi, huwezi kununua jingine." Siku ile nilikuona ndiye mtu mwenye akili kuliko wote Bagamoyo.

Kwenye gemu unanipumzisha. Uwanjani hunipumzishi. Nataka uniambie kwa nini, na mpaka uniambie sirudi nyumbani wala mazoezini.

Akupendaye na aliyekasirika,
Mwanao, Naila


Bagamoyo,
Alhamisi, 10 Julai 2025

Binti yangu Naila,

Waalaykum salaam, na marahaba. Mimi sijambo, mgongo nao haujambo. Nakula chapati za mgahawani, silalamiki. Mshukuru shangazi yako, na umwambie dada yangu huyo tangu utotoni ndiye kimbilio la kila anayegombana na baba yake.

Umeandika kwa ukali. Ukali huo umeurithi, kwa hiyo sitauliza ulikotoka. Nakujibu.

Gemu ni gemu. Mle ndani mchezaji akichoka rangi inabadilika, namwona. Wewe hubadiliki rangi. Mimi ni fundi mafriji mwaka wa ishirini na sita huu, na friji likitaka kufa linanguruma, linavuja maji, linachemka mgongoni. Kibaha nilikutazama siku zote tatu na hukunguruma. Ulikimbia, ulifunga, ukacheka na waamuzi. Ningejuaje?

Tena usiseme sikupumzishi. Mwezi wa Mei ulinijia ukasema, "Baba, naumwa." Je, nilikuuliza? Sikukuuliza. Nilikwambia kapumzike siku tatu. Juni ukasema tena unaumwa, nikakupa tena siku tatu. Mama yako hayupo, na kuna mambo baba hamchimbi binti yake. Siku tatu zikiisha mtu anarudi na maisha yanaendelea. Mimi nilidhani nimefanya uungwana, kumbe nadaiwa maelezo.

Fainali ni Jumamosi, tarehe mbili Agosti, hapa hapa nyumbani, na wale wa Dar wanakuja na wasichana warefu. Anayeichezesha timu hii ni wewe, usijifanye hujui. Sisi zamani tulicheza na vidole vimevunjika, tukavifunga kwa kitambaa tukaendelea. Kudeka hakukuwepo. Njoo mazoezini Jumatatu, na haya yote tutayasahau.

Ni mimi baba yako,
Shamsudin


Mapinga,
Alhamisi, 17 Julai 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shangazi anakusalimu na anasema hilo la kimbilio ni kweli, hata wewe uliwahi kukimbilia kwake. Sisi hatujambo. Zile chapati za mgahawani ziache, zitakutia kiungulia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilicheka mpaka shangazi akasimamisha cherehani. Baba, niliposema naumwa, nilikuwa naumwa goti. Wewe ukasikia mambo ya wanawake, ukainamisha macho, ukanihesabia siku tatu kwa adabu zako. Na mimi nikadhani umenielewa, nikasema mashallah, baba yangu ana huruma. Siku ya nne nikarudi uwanjani na goti lile lile. Lugha yetu ina neno moja la kichwa, la tumbo, la goti, na la hayo usiyotaka kuyataja, na sisi wawili tukajificha ndani yake.

Nusu ya kosa hilo ni yangu, nimeichukua. Nusu yako ni hii. Kwenye gemu humsubiri Naila aje akwambie. Kila ukilifungua, kabla ya kupanga lolote, unakwenda kwenye ukurasa wake unatazama hali yake. Mimi nilikuwa nalala chumba cha pili.

Kuhusu vidole vilivyovunjika: kidole chako cha shahada mpaka leo hakikunjiki, na bisibisi ndogo unaniita mimi nikushikie. Sioni pa kujivunia hapo.

Jumatatu shangazi alinipeleka Kerege kwa mama mmoja mtaalamu wa viungo. Alinibonyeza chini ya pia ya goti, nikaruka. Anasema ukano wa pale umechoka na umevimba. Haujachanika, lakini nikiulazimisha utachanika, na ukichanika ni kupasuliwa na kukaa mwaka mzima, na kuna wanaokaa moja kwa moja. Hakunikataza kucheza. Kasema nicheze kidogo, nisicheze siku mbili mfululizo, na goti likiwaka moto nitoke. Nikamuuliza kidogo ni ngapi. Akasema yeye mambo ya kikapu hayajui, ila nusu ya mechi nisizidishe.

Nusu ya arobaini ni ishirini. Basi fainali nitacheza dakika ishirini, si ishirini na moja. Zilizobaki mpe Dija. Najua utasema Dija ametoka Fukayosi juzi, kikapu amekijua ana miaka kumi na sita, na anaushika mpira kama anaogopa utavunjika. Sawa. Lakini ana magoti mawili mazima, na amekaa benchi msimu mzima akitazama kila kitu.

Ukikubali niandikie. Ukikataa niandikie pia.

Mwanao,
Naila


Bagamoyo,
Alhamisi, 24 Julai 2025

Naila binti yangu,

Marahaba. Salamu nimezipata, na mimi mzima. Pole kwa goti. Hilo la siku tatu limenitia aibu na sitaliandika tena.

Lakini kocha ni mmoja. Kwenye gemu Naila hanipangii dakika, ndiyo maana tunaelewana. Leo nikikubali unipangie wewe, kesho kila mmoja atanijia na karatasi yake ya zahanati, na mimi nitabaki kubeba mipira. Njoo Jumamosi ya fainali. Jezi yako nimeifua mwenyewe. Nitakutazama, na nikiona umechoka nitakutoa. Nitakapoona mimi.

Zaidi ya hapo siandiki.

Baba yako, na kocha wako


Mapinga,
Alhamisi, 31 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Barua imefika, na sote ni wazima.

Nitakuja. Ishirini.

Mwanao


Mapinga,
Alhamisi, 7 Agosti 2025

Kwa baba yangu,

Assalaam alaykum, shikamoo. Natumai umeamka salama tangu Jumamosi. Mimi niko salama, na goti liko salama, na hilo la pili nataka ulisome mara mbili.

Najua ulikuwepo. Ulisimama hatua tano kutoka kwangu. Lakini naona ulikuwa unatazama ubao wa pointi peke yake, kwa hiyo nakueleza yaliyotokea chini ya ubao.

Robo ya kwanza nilicheza yote, dakika kumi. Robo ya pili uliniweka benchi tangu mwanzo, ukanirudisha zimebaki nne. Jumla kumi na nne. Wakati wa mapumziko nilikaa nikijisemea kuwa umekubali, ila kinywa hakitaki kusema, nikakuombea dua kimoyomoyo. Robo ya tatu ukaniacha ndani. Shangazi alikuwa amekaa nyuma ya meza ya waamuzi akiisoma saa yao, na tulikubaliana kwamba ishirini zikitimia atasimama. Akasimama. Goti lilikuwa limeshaanza kuwaka. Nikakutazama. Na wewe ulinitazama, baba, usikatae, halafu ukageuza macho kwenye ubao. Tulikuwa nyuma kwa pointi tano.

Kuna kanuni uliyotufundisha mwenyewe mwaka wa kwanza: kocha haombi mabadiliko. Anayeomba ni wa benchi. Anakwenda mezani kwa miguu yake mwenyewe na kusema anataka kuingia. Siku zote tulikuwa tunasubiri ututume kwa adabu tu, kanuni haisemi hivyo. Ijumaa nilimpigia Dija simu nikamuuliza, "Ukiniona nimeshika kiuno, utakwenda mezani?" Akasema, "Da' Naila, mie baba yako namwogopa. Lakini nitakwenda."

Nikashika kiuno. Dija akavua fulana ya juu, akapita mbele yako. Ukamuuliza, "Wapi wewe?" Hakukujibu. Mtoto yule hajawahi kukujibu vibaya hata siku moja, na Jumamosi pia hakukujibu vibaya, hakujibu tu. Filimbi ilipolia mwamuzi akamwita kwa mkono, nikamgusa kiganja, nikatoka.

Ukanijia benchi ukasema, "Vuta pumzi dakika mbili, unarudi." Nikavua viatu nikavisukuma chini ya benchi. Nyuma yetu watu wakaanza kuzomea, na mmoja akasema binti kocha anadeka. Nilimsikia na wewe ulimsikia. Nikavua na soksi.

Dija alipoteza mipira mitatu na akafunga pointi tisa. Nilipotoka tulikuwa nyuma kwa tano. Tumefungwa kwa mbili. Hesabu mwenyewe, si wewe ndiye mpenda takwimu?

Nililia nilipofika Mapinga. Sikulilia kombe. Nililia kwa sababu mechi ilipokwisha ulipita mbele yangu, nimekaa miguu mitupu, ukaokota mipira mmoja mmoja ukaondoka bila hata kuniambia pole. Hilo liliniuma kuliko ukano. Lakini sijutii, na ingekuwa fainali ya dunia ningevua viatu vile vile.

Mwanao,
Naila


Mapinga,
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo? Mama anasema bibi ameanza kutembea mpaka uani, alhamdulillah.

Alhamisi iliyopita shangazi alirudi mikono mitupu. Anasema alikukuta kwenye kompyuta, ukamwambia hujamaliza, naye hakuelewa hujamaliza nini. Akakuacha.

Kama unasubiri niombe radhi, utasubiri sana. Nimekuheshimu tangu nazaliwa na nitakuheshimu mpaka nizikwe, lakini mguu ni wangu. Sitaki unisamehe. Nataka unijibu.

Mwanao


Bagamoyo,
Alhamisi, 28 Agosti 2025

Binti yangu,

Waalaykum salaam. Marahaba, Naila, marahaba tena. Sijambo. Mgongo unauma kwa kukaa kwenye kiti.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa natafuta ushahidi wa kukushinda. Nililifungua gemu, nikapanga Kibaha upya: mechi tatu, siku tatu, wewe dakika arobaini, arobaini, thelathini na nane. Nilitaka nikuoneshe kwamba inawezekana. Mara ya kwanza ukamaliza mzima na tukaingia fainali. Nikaandika kwenye karatasi ili nikutumie. Mara ya pili mzima. Mara ya tatu mzima, nikafurahi, nikatafuta bahasha. Nikasema niongeze moja ya kufungia. Ya nne, siku ya pili, ukaanguka. Goti, nje msimu wote. Nikaifunga kompyuta bila kuhifadhi, kana kwamba nikifanya hivyo halijatokea. Kesho yake nikarudia. Ya tano mzima. Ya sita, siku ya tatu, ukaanguka tena.

Sikuendelea. Karatasi ninayo hapa: mzima mara nne, kuumia mara mbili. Mimi siwezi kumrudishia mtu friji lake nikamwambia lichomeke tu, mara nne kati ya sita halitakuunguzia nyumba. Watu wangenipiga, na wangekuwa na haki. Na hilo ndilo nililofanya Kibaha, na ndilo nililotaka kulifanya tena Jumamosi ile. Kwa kuwa ulimaliza mzima nikajiona kocha hodari. Nilikuwa nabahatisha kwa mguu wako.

Uliniuliza kwa nini kwenye gemu nakupumzisha. Nimelifikiri. Kule naandikiwa asilimia, naogopa. Huku sikuandikiwa kitu, nikaona hakuna kitu. Sina jibu zuri kuliko hilo, na nimeona haya kuliandika.

Viatu bado sijakusamehe. Soksi ndiyo kabisa. Miaka kumi na tisa nafundisha watoto wa watu na sijapata kuvuliwa soksi mbele ya kadamnasi. Siku ya kwanza mtaani watu walinipa pole kama nimefiwa. Dija naye alikuja kuniomba radhi, nikamwambia anyamaze, na aje mazoezini nusu saa kabla ya wenzake nimfundishe kuushika mpira.

Sasa nakuuliza, na haya maneno yamenichukua muda wote huu. Goti linauma wapi? Kwa mbele au kwa nyuma? Lilianza lini hasa? Ukipanda ngazi au ukishuka? Asubuhi likoje? Kuna jingine linalouma ambalo hujaniambia? Andika yote, usinifiche kwa kuwa mimi ni mwanamume. Nitasoma yote.

Baba yako


Mapinga,
Alhamisi, 4 Septemba 2025

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo kwa mikono miwili. Barua yako nimeisoma mbele ya shangazi, na tumelia sote, yeye akisingizia vumbi la kitambaa. Pole kwa mgongo. Weka mto kwenye kile kiti.

Linauma kwa mbele, chini ya pia, upande wa ndani. Lilianza wiki ya pili ya Mei, siku tuliyofanya mazoezi kwenye sakafu ya saruji uwanja ulipojaa maji. Kupanda ngazi si neno, kushuka ndiko kunakoniuma. Asubuhi ni gumu mpaka nitembee kama kutoka kwetu hadi sokoni. Nikichuchumaa kufua linanikamata. Jingine linalouma ni kifundo cha mguu wa kushoto, kidogo tu, nikiruka. Hayo ndiyo yote.

Kuanzia sasa nikiumwa goti nitakwambia goti. Na nikiwa hedhini nitakwambia niko hedhini, kwa jina lake, na wewe utaitika kama unavyoitika nikikwambia naumwa jino. Neno hilo limo kwenye vitabu, nimesomeshwa chuoni na ustadhi mwenye ndevu mpaka kifuani wala hakuzimia.

Kuna jambo sikukwambia kwenye barua zote hizi, kwa kuwa nilitaka uulize kwanza. Zile siku tatu za Mei uliponipumzisha, nilikuwa naswali. Kila magharibi nilisimama nyuma yako pale sebuleni, goti likiniuma katika kila sijda, na ulipotoa salamu uligeuka ukanipa mkono, kama siku zote. Siku tatu, baba. Mwenye hedhi haswali, na hilo nilifundishwa na wewe. Ulinishika mkono na hukuniona.

Jumatatu nakuja mazoezini, halafu nyumbani. Usiponiona, nitatoka tena.

Mwanao,
Naila